Queen ya 1973 au Queen II ya 1974: uanze na ipi kama Freddie unamjua kwa fulana tu

Mie kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, na kila siku ya Mungu napita Shangani pale Kenyatta Road kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yale yaliyofunguliwa 2019, nasimama natoa maneno yangu: kazaliwa hapa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Maparsi wa asili ya Gujarat, baba yake mzee Bomi alikuwa keshia wa mahkama enzi za Muengereza, mtoto kapelekwa skuli ya bweni Panchgani India, karudi, 1964 baada ya Mapinduzi wakahamia Uingereza, basi, haya twende tukaone milango.

Siku moja mzee mmoja wa kizungu, mpole tu, kavaa kofia ya ukindu kanunua Darajani, kaniuliza wewe katika zile albamu za mwanzo za bendi yake, Queen, unapenda ipi. Nikamjibu haraka haraka Bohemian Rhapsody. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema hiyo ni nyimbo bwana, tena ya albamu ya nne. Wallahi nilitamani ile barabara inimeze. Miaka yote hiyo nauza jina la mtu na nyimbo zake nazijua tatu, mbili kati ya hizo nimezijulia kwenye ile filamu ya 2018 ya maisha yake.

Usiku nikarudi nyumbani nikanunua bando nikaanza kutafuta. Kumbe kabla ya hiyo ya nne, ambayo ni ya 1975, zipo tatu, na mbili za mwanzo hakuna mtu hapa mjini anayezigusa. Mahoteli wanapiga zile zile We Will Rock You na Radio Ga Ga, maduka ya fulana hivo hivo. Sasa nshazisikiliza hizi mbili mpaka ami yangu kanambia nitafute kazi nyengine, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu kama mie wa zamani, anataka kuanza, ana bando la kuhesabu, hajui akamate ipi.

Jibu nakupa mapema usije ukachoka njiani. Kama masikio yako yamekulia kwenye taarab, yaani umezoea nyimbo ndefu yenye mikato na vyombo vinavyojibizana na sauti, anza na Queen II, tena anzia katikati yake, ntakwambia wapi. Kama wewe ni mtu wa gitaa, unataka kelele na ujana, anza na ile ya mwanzo inayoitwa Queen tu. Mie binafsi naona ya pili ni kazi bora zaidi, na ya mwanzo ndo naipiga mara nyingi zaidi, sasa hilo nalo ntalieleza maana hata mimi lilinichanganya.

Tuanze na zilivyotengenezwa maana hapo ndo tofauti yote ilipotokea. Ile ya mwanzo wameirikodi sehemu kubwa 1972 kwenye studio ya Trident pale London, na hawakuwa na pesa, wenye studio waliwapa zile saa ambazo haina mtu, wakubwa wakishamaliza kazi zao, usiku wa manane hivi. Ndo kama yule kijana wa fundi cherehani ambae mwenye duka akishafunga anamwachia funguo, haya shona yako mpaka alfajiri lakini asubuhi nikute cherehani yangu ipo wazi. Unaisikia hiyo hali mle ndani. Nyimbo moja, The Night Comes Down, wameichukua kutoka kwenye rikodi yao ya majaribio ya studio nyengine, De Lane Lea, wakaiweka vile vile. Halafu ikishamalizika ikakaa, ikakaa, mpaka tarehe 13 Julai 1973 ndo kampuni ya rikodi ya EMI wakaitoa, na singo yake Keep Yourself Alive iliyotangulia wiki moja haikugusa hata chati ya Uingereza. Hamna. Kimya.

Ya pili ni mambo mengine kabisa. Agosti 1973 wanarudi Trident hiyo hiyo, safari hii wamepewa muda wao wenyewe na prodyuza Roy Thomas Baker (aliyekuwepo kwenye ya mwanzo pia, pamoja na John Anthony), na wao wakaingia na njaa yote waliyokuwa nayo. Sauti juu ya sauti juu ya sauti, magitaa yamepangwa kama matofali, mpaka unajiuliza hawa watu ni wanne au arubaini. Imetoka tarehe 8 Machi 1974 ikafika nambari 5 Uingereza, na singo yake Seven Seas of Rhye ikaingia kumi bora, ikakamata ya 10. Ikaivuta na ile ya mwanzo nayo, ndo watu wakakumbuka kumbe hawa wana albamu nyengine, ikapanda mpaka 24. Yaani mdogo mtu kamtoa kaka yake ndani. Halafu hebu piga hesabu, Machi 1974, miaka kumi tu tokea yule kijana ahame hapa, ana miaka 27.

Kwa hiyo kwa sauti tu, ukiziweka pamoja kwenye spika, ya mwanzo inasikika kavu na ya pili inasikika kama ukumbi. Ile ukavu wenyewe hawakuupenda, ngoma hasa, zimefungiwa fungiwa, na mpiga ngoma wao Roger Taylor na mpiga gitaa Brian May wamelalamika miaka na miaka. Na hapa ndo pana habari ya kukusaidia kuchagua: Oktoba 2024 wameitoa upya, wameimiksi tokea mwanzo, wakaipa jina Queen I, ngoma zimefunguka, na wamerudisha nyimbo iliyoachwa nje 1973, Mad the Swine, wakaiweka mahali pake pa nne. Kwa hiyo ukitafuta kwenye simu utakuta mbili, Queen yenye nyimbo 10 na Queen I yenye 11. Kwa mgeni nasema chukua ya 2024. Kuna watu watakugombeza, watasema ile kavu ndo ya asili, sawa, ukishanogewa nenda kaisikilize, mie naipenda ina vumbi zuri. Ila ukianza na hiyo kavu kwenye spika ndogo ya simu utasema roki gani hii haina nguvu.

Queen II haina shida hiyo, chukua yoyote utakayoipata. Shida yake ni nyengine, ukiiskiza kwa spika ya simu nusu ya vitu huvisikii kabisa. Tafuta hedifoni, hata za kuazima.

Haya, tuje kwa Freddie mwenyewe maana ndo sababu ya sisi kuwa hapa. Kwenye ya mwanzo kaandika nusu, nyimbo tano katika kumi: Great King Rat, My Fairy King, Liar, Jesus, na kile kipande kidogo cha Seven Seas of Rhye cha mwisho kisichokuwa na maneno, dakika moja na ushei tu, kinaanza kinakatika kama mtu kaitwa. Kwenye ya pili kapewa upande mzima. Albamu yenyewe imegawiwa, haina upande A na B kama santuri nyengine, ina upande mweupe na upande mweusi, mweupe karibu wote wa Brian (nyimbo moja, The Loser in the End, ni ya Roger), mweusi nyimbo sita zote za Freddie peke yake. Sasa ushajua kwa nini nilisema anzia katikati. Bonyeza Ogre Battle, hiyo ndo inafungua upande mweusi, inaanza kwa sauti inayokwenda kinyumenyume, usishtuke simu haijaharibika, halafu kaa hapo hapo usiguse kitu maana nyimbo zinaingiana, hakuna kusimama, ukiweka za kuchanganya changanya umeharibu kila kitu.

Inayofuata ni The Fairy Feller's Master-Stroke, na hii nina kisa nayo. Ami yangu anapiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, mtu wa zamani, maskani yake ni baraza na kahawa, roki kwake ni watu wanaovunja viti. Nlikuwa naipiga uani akapita akasimama. Akaniuliza hicho kinachopigwa hapo ni nini. Nikamwambia piano, ami. Akasema, "We mtoto, piano inagonga, hizo nyuzi zinadonolewa." Nikaenda kutazama, kweli, ni kile kinanda cha kizamani cha Ulaya ambacho ukibonyeza kuna kijiti ndani kinadonoa uzi, hakigongi kwa nyundo, kaka yake kanuni kwa njia ya mbali. Freddie ndo kakipiga. Nikamwambia ami nyimbo yenyewe inahadithia picha, ipo kwenye jumba la Tate kule London, kaichora Richard Dadd, mtu aliyekuwa kafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, picha ndogo imejaa viumbe vidogo vidogo, na Freddie anawataja mmoja mmoja kwa haraka kama mtu anaesoma orodha ya mahari. Ami hakusema kitu. Akavuta kigoda akakaa mpaka nyimbo ikaisha, ikaingia Nevermore, ile fupi ya piano, dakika moja na kidogo, akasema hii sasa mtu kaachwa. Kiingereza hajui, lakini kaijua.

Halafu The March of the Black Queen, dakika sita na nusu, na hapa mtu wa taarab atakuwa kwao maana sie tushazoea kukaa tukasubiri bashraf, ule utangulizi wa vyombo vitupu, iishe ndo mwimbaji ainuke, hatuna haraka. Inabadilika mara sijui ngapi, inakuwa nyimbo ya kanisa, inakuwa fujo, inakuwa mtu mmoja na piano, inarudi. Ukiisikia hiyo unaielewa Bohemian Rhapsody ilikotoka, mwaka mmoja na nusu kabla. Na mie nnaona hii ni kali zaidi kwa sababu haijajifunza bado kujipanga vizuri, vitu vinagongana. Ami kasema wamezidisha. Inawezekana. Mwisho wa upande ndo Seven Seas of Rhye kamili sasa, ile ile iliyokatika kwenye albamu ya mwanzo, imepata maneno, na inamalizikia na watu wanaimba kilevi wimbo wa zamani wa Kiingereza wa kusifia ufukwe.

Upande mweupe sikuusema sana, na si kwamba ni mbaya. Unafunguliwa na Procession, magitaa matupu ya Brian yamepangwa kama bendi ya maandamano, dakika moja hivi, nayo kwangu mie ni bashraf hasa. White Queen ni nzuri sana usiku. Zilizobaki utazizoea.

Nilivyomaliza hiyo nikarudi ya mwanzo nikadhani ntachoka, maana umetoka jumba la fahari unaingia chumba cha kupanga. Ikawa kinyume. Kule kwa pili Freddie keshakuwa Freddie, anajua anataka nini, ameshavaa. Huku kwa mwanzo bado anajaribu nguo. Liar ina dakika sita na zaidi, ina makofi, ina ngoma, ina kubembeleza na kupiga kelele, Great King Rat inamhusu mtu muovu na inakwenda mbio kama bodaboda ya Michenzani, halafu Jesus, ndio, nyimbo nzima inamzungumzia Nabii Issa kwa hadithi za Kikristo, kaiandika mtoto wa Kiparsi aliyekulia Unguja akasomeshwa skuli ya kimishionari India, hebu fikiria kichwa hicho kina nini. (Ukiwa sebuleni na wazee ujue tu kwamba inakuja, usije ukaulizwa.) Brian nae kuna Keep Yourself Alive yenye lile gitaa lake alilolitengeneza na baba yake kwa mkono, mbao za shingo zimetoka kwenye jiko la kuotea moto la zamani, na hapa unalisikia vizuri kuliko kule maana halijazikwa.

Lakini nyimbo ya kuitafuta ni My Fairy King. Piano yake mwenyewe, sauti zake zimepangwa moja juu ya nyengine, Roger anapiga ukelele wa juu huko utadhani king'ora, na ndani yake kuna mahali anamwita Mama Mercury. Brian May ameshaeleza kwamba jina limetoka hapo, Freddie alisema yule ni mama yake na yeye sasa atakuwa Mercury. Kwa hiyo Bulsara anaingia kwenye hiyo nyimbo na Mercury anatoka. Dakika nne. Mie nlikuwa nasimama Shangani miaka nawaambia wageni alibadilisha jina, nawaambia kama vile mtu anabadilisha laini ya simu, kumbe kuna mahali unaweza kuweka kidole ukasema hapa.

Ndo maana naipiga zaidi hii. Ya pili naistahi, hii naizoea.

Na nikwambie kitu kingine kabla hujapata tamaa: usitafute Zanzibar humu. Zote mbili. Wapo wenzangu tunaotembeza wageni, na mapapasi, wale wanaowafuata wageni barabarani, ndo usiseme, kila kitu wanataka kiwe cha Unguja, ati Rhye ni Unguja, bahari saba ni hizi hizi za Forodhani. Rhye ni nchi aliyoibuni kichwani mwake, na hakuna neno la Kiswahili humu, hata ile bismillahi mnayoijua ni ya Bohemian Rhapsody ya 1975 si ya hapa. Viumbe, wafalme, mazimwi, vitu vya vitabu vya Kizungu. Ukitaka kusema labda mtoto aliyezungukwa na hadithi nyingi za watu wengi ndo anaandika hivi, sema, mie sikuzuii, lakini mgeni akikuuliza ushahidi utaumbuka kama nilivyoumbuka mie.

Kwenye jalada ya pili inashinda hata kabla hujaisikia. Ile picha ya nyuso nne gizani, Freddie katikati kaweka mikono kifuani, kaipiga Mick Rock, na ndo walikuja kuirudia kwenye video ya Bohemian Rhapsody, na ndo ipo kwenye nusu ya fulana za hapa mjini, wanaozivaa hawajui ni ya albamu gani. Ya mwanzo ni Freddie kwa mbali jukwaani kwenye mwanga, mdogo kama kidole. Kwenye jalada lake wameandika kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, kwa kujisifu, maana zile sauti zote za ajabu ni gitaa na koo, na mpiga besi wao John Deacon wamemwandika Deacon John, jina limegeuzwa kama fomu za serikalini.

Muda hautakusumbua. Ya mwanzo haifiki dakika 39 kwa zile nyimbo 10, ya pili haifiki 41. Mie nlizimaliza zote mbili kwenye gari ya 116 ya Nungwi na dereva alikuwa bado anapakia magunia njiani.

Ataniuliza mtu na ile ya tatu je, Sheer Heart Attack, imetoka Novemba hiyo hiyo ya 1974. Hiyo ni rahisi kuipenda kuliko hizi mbili, nyimbo 13 nyingi fupi fupi, ina Killer Queen iliyofika nambari 2, na kama unataka tu kitu cha kupiga kwenye gari na watu wasikugombeze chukua hiyo wala sina ugomvi na wewe. Ila ile watu wanaijua kidogo. Hizi mbili ndo zimelala.

Kwa hiyo: una usiku mmoja, hedifoni nzuri, na uvumilivu wa mtu wa taarab, Ogre Battle mpaka Seven Seas of Rhye, taa uzime. Unaendesha, unafagia, unapika, unataka kelele za kukutia nguvu, Queen I ya 2024 kuanzia juu. Unataka kumpa zawadi mtu anaejua Queen tayari, mpe ya mwanzo, maana ya pili mashabiki wakubwa wanayo wote na ya mwanzo wengi wameiruka. Una watoto, ya pili, mazimwi na viumbe wanavipenda, wangu wa dada kila siku ananiambia mjomba weka ya yale mazimwi, ila Ogre Battle usiipige wakati wa kulala.

Na pale Shangani siku hizi nimebadilisha. Nikimaliza maneno yangu natoa simu naweka My Fairy King, dakika ya mwisho tu. Wageni wanasimama wananitazama. Juzi mama mmoja, kavaa fulana yenye zile nyuso nne, kaniuliza kwa adabu kabisa huyu anaeimba ni msanii wa hapa?

Nikamwambia ndio mama, wa hapa hapa.